Wifi Aliyeingia kwa Mgongo

Siku sita Fundi alishona nguo za watu. Jumamosi mchana alifunika cherehani, akafungua kompyuta, akawa mganga wa mifupa. Usicheke, ni mchezo wa kujifanya watu wa hadithi. Kaka yake, aliye mji mwingine, husimulia safari. Mke wa kaka ni askari wa mkuki. Fundi huwaunga wanaovunjika. Na dadu, ya pande ishirini, hurushwa na kompyuta yenyewe. Tangu mama yao azikwe, ndugu hao walikuwa wakipigiana simu za misiba tu, mpaka ulipokuja mchezo huu.

Kila mchezaji ana picha yake. Dadu ikiangukia ishirini, picha inachomoka, inapita kwenye skrini ikijitingisha kwa sekunde mbili, kisha inaondoka kama mgeni mwenye adabu. Mtengenezaji ni Fundi. Hukata macho kando, nywele kando, mikono kando, halafu huviunga vipande ili kila kimoja kicheze kwa wakati wake. Kwake hiyo haina tofauti na gauni.

Hapo ndipo alipokosea. Fundi wa nguo humkagua mtu nyuma kwanza, maana mbele mteja anajiona mwenyewe kwenye kioo. Mshono mbaya hujificha mgongoni. Basi Fundi akamwingiza askari wa wifi yake kinyumenyume. Kwanza mgongo, kisha kiuno, kisha pale chini pakayumba mara mbili, safi kabisa, ndipo uso ukageuka. Jumamosi akawaonyesha.

"Wifi," akasema mke wa kaka, "hiki ni nini?"

"Ni wewe unaingia."

"Mimi naingia vitani kwa makalio?"

"Hebu tazama pindo lilivyokaa."

"Mume wangu, unamsikia dada yako?"

Alimsikia, ndiyo maana alikuwa anakohoa.

"Chezeni wawili," wifi akasema, na kiti kilicho kando ya kaka kikabaki kitupu.

Mchezo wa wawili ulikuwa maongezi ya kaka na dada, na hao wakishasema hujambo, sijambo, wamemaliza.

Fundi aliamini kwamba nguo ikishakatwa hairudi kuwa kitambaa. Alikaa na imani hiyo siku tatu. Ya nne akapiga simu.

"Wifi, nataka vipimo."

"Vya nini tena?"

"Simama kama unavyotaka kuonekana."

Wifi, mwalimu wa hesabu kwa miaka ishirini na mmoja, akaegemeza simu kabatini, akashika ufagio, akatoa kifua, akaitazama kamera kama vile haijafanya kazi ya nyumbani.

"Kidevu juu," Fundi akasema.

"Kiko juu."

"Basi usipumue."

Akafumua kazi yote. Mikono mipya, shingo mpya, uso mbele. Mgongo akaufuta, ingawa roho ilimuuma. Hakuwahi kutengeneza mgongo mzuri kama ule.

Jumamosi wifi alirudi kitini, miwani puani. Dadu ikampa nne. Saba. Mbili. Kumi na tisa, wote wakaguna. Kwa saa tatu nzima, ishirini haikutokea.

"Nibonyeze tu uione hiyo picha?" kaka akauliza.

"Ya kuonewa huruma siitaki."

Kaka akawaacha wasafiri mlangoni kwa adui, akasema labda wiki ijayo wapumzike, kila mtu ana kazi zake.

"Apumzike nani?" wifi akafoka. "Jumamosi, saa nane. Na asichelewe mtu!"

Fundi, aliyekwisha kuahidi gauni la bibi arusi siku hiyo hiyo, akajibu kwamba saa nane inamfaa kabisa.