Ukurasa Niliodhani Umechanwa

Nikiwa kidato cha tatu niliishi Malangali kwa bibi mzaa mama, na nilikuwa na kiburi cha hesabu. Swali moja lilihusu ngazi ya mita tano iliyoegemea ukuta na kuufikia mita nne juu. Tutafute pembe ya chini. Ili kupata saini, yaani sine, ya pembe hiyo, unagawanya kimo ambacho ngazi imefikia ukutani kwa urefu wa ngazi. Mimi kwa haraka zangu niligeuza, nikapata moja nukta mbili tano.

Nikafungua kitabu cha majedwali, cha mjomba, kisicho na jalada. Saini zilikomea kwenye moja. Tanjenti, kurasa chache mbele, zilipita moja, zikapita kumi, zikaendelea tu. Nikakata shauri: ukurasa wa saini umechanwa. Na nyumbani mwetu aliyewasha moto kwa karatasi kila alipopika pombe ya ulezi alikuwa mmoja.

"Bibi, umechoma kitabu changu," nilimwambia, kwa sauti ambayo mkubwa hasemeshwi nayo.

Hakujua kusoma, na hakubisha. Alisema huenda ni kweli, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Kesho yake alikwenda kwa jirani yetu Msukuma, ambaye binti yake alikuwa amemaliza shule, akarudi na kitabu kizima. Alikuwa amekibadilisha na tetea wake, yule mmoja aliyekuwa akitaga.

Nikakifungua. Saini zilikomea kwenye moja. Nikahesabu kurasa za vitabu vyote viwili, hakuna uliopungua.

Shuleni nilimweleza mwalimu. Aliegemeza rula ya ubaoni ukutani, akauliza, "Inafika juu kuliko urefu wake?" Akaisogeza huku na huku, haikufika. Katika pembetatu mraba hakuna upande unaoushinda ule ulioegama, basi saini haiwezi kuzidi moja. Hata moja yenyewe haiifikii, maana hapo ngazi ingesimama wima na pembetatu ingekwisha.

Wanasema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu nilikuwa mimi. Niliona aibu njia nzima. Nilipofika nilipiga magoti jikoni, nikamsimulia yote.

"Kwa hiyo sikuchoma?"

"Hukuchoma, bibi. Ukurasa huo haujawahi kuwepo. Nisamehe."

Alichochea moto kwanza.

"Nimekusamehe," akasema. "Ukurasa haukuwepo. Lakini kuku wangu alikuwepo."