Mzee Ragnvald Tuliyekwisha Kumuaga

Nilikuwa nakuza picha kwenye kompyuta asubuhi moja nilipoona sura ya mtu dirishani, kwenye nyumba ambayo niliiona ikifungwa kwa macho yangu mwenyewe.

Nikadhani ni kivuli cha mti.

Nikakuza tena. Mti gani una ndevu?

Naitwa Tyra. Mji wetu mdogo, huku kaskazini mwa Uswidi, unabomolewa mtaa baada ya mtaa kwa sababu mgodi wa chuma umeila ardhi iliyo chini yake. Mimi napiga picha kabla katapila halijafika. Duka la mikate. Watu wakisubiri basi. Mama akikung'uta zulia nje ya mlango. Nataka wajukuu zetu wajue tuliishi vipi.

Ile sura ilikuwa ya mzee Ragnvald, mchimbaji mstaafu aliyekuwa akiishi humo.

Sasa shida ni kwamba mzee Ragnvald tulikwisha kumuaga! Tulikunywa kahawa na maandazi ya mdalasini, tukamkumbatia mmoja mmoja. Mwanawe wa Stockholm alikuwa anakuja kumchukua. Tangu siku ile simu ya mzee haikupatikana.

Nikawaza, huyu kafia huko. Sasa hiki nilichopiga picha jana ni nini?

Halafu nikakumbuka jambo baya zaidi.

Nyumba ile inabomolewa leo. Asubuhi hii.

Nikatoka mbio kwenye theluji bila koti.

Torkel, dereva wa katapila, alikuwa ameshawasha mashine.

"Zima! Torkel, zima!"

"Tyra, umeanza kulewa asubuhi? Hebu sogea huko na kamera yako."

"Kuna mtu ndani!"

"Jana nimeikagua mwenyewe. Hata panya hamna."

"Ngoja niangalie tu. Nikikosea, unicheke mpaka uzeeke."

Akazima, akitukana chinichini. "Nenda. Mimi siingii humo. Majirani wanasema wanasikia nyayo."

Alitaka iwe utani. Hakucheka.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ndani baridi kama jokofu, giza, harufu ya mshumaa uliozimwa.

"Mzee Ragnvald?"

Nikatega sikio.

Kisha juu, kikohozi kimoja.

Nilipanda ngazi nimeshikilia ukuta. Nyuma ya mlango wa chumba kitu kilikuwa kinajikokota sakafuni.

Nikausukuma.

Alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, amevaa koti, akiburuza miguu sakafuni ipate joto, midomo ya bluu.

"Tyra, mwanangu, funga mlango. Baridi inaingia."

Nikaanza kulia palepale. "Mzee, mwanao hakuja?"

Akatazama vidole vyake.

"Hakuna aliyesema anakuja. Nilisema mimi tu. Hatujaongea tangu tumzike mama yake. Mlipokuwa mnaniuliza nakwenda wapi, niliona aibu. Nyumba mpya niliyopewa na mgodi nikaikataa kwa kiburi. Mara mkaniandalia na maandazi. Ningesema nini tena?"

"Na Torkel alipokagua jana?"

"Nilijificha kabatini."

"Leo je? Mashine hukuisikia?"

"Niliisikia."

Aliisikia, akabaki ameketi.

Hofu ya mizimu ikaniisha hapohapo. Iliyoingia badala yake sijawahi kuipata tena, wala siitaki.

Nyuma yangu sakafu ikalia. Torkel alikuwa amepanda, kasimama mlangoni, kofia mkononi, uso mweupe kama karatasi.

"Mzee," akasema, "ningekuua. Unajua? Ningekuua halafu nikaenda kula chakula cha mchana."

Mzee Ragnvald akaanza kulia kama mtoto. Torkel akavua koti, akamvika juu ya lake, akambeba mgongoni mpaka chini.

Siku hizi mzee anaishi kwa Torkel. Wanagombana kuhusu kahawa kila asubuhi, na mwanawe bado hajapiga simu.

Wewe unayesoma, ukimuaga mtu, usiishie kumkumbatia. Muulize anakwenda kwa nani. Kisha subiri naye mpaka huyo mtu afike.