Kiti cha Kulipia Uwanjani Kibiti

Tangu biashara iachiwe huru, hata uwanja wetu wa mpira Kibiti una kibanda cha kulipia, chenye turubai, sofa na soda baridi. Jumapili, kwenye fainali ya mwaka, nilikuwemo. Mkulima mmoja wa Mtawanya aliingia amemshika mkono kaka yake, winga wetu wa zamani, ambaye sasa amepooza upande mmoja. Alikuwa ameuza korosho ili mgonjwa akae pazuri.

Waliketishwa nyuma. Mbele yao wafanyabiashara walisimama muda wote, wakizungumzia mbao na malori. Ghafla uwanja ukalipuka kwa shangwe.

“Nani kafunga?” mgonjwa aliuliza.

“Sikuona, kaka.”

Ng’ambo, juani, wachezaji wenzake wa zamani walikuwa wamekaa majanini. Mmoja alimtambua, akampungia mikono yote miwili. Mgonjwa akainua ule wake mzima.

“Nipeleke kule.”

“Mzee, ukitoka hapa hurudi,” mlinzi alimwonya.

“Sirudi.”

Walijikongoja kuzunguka uwanja. Walipofika, filimbi ya mwisho ilikuwa imeshalia na wenzake wamekimbilia gari la Utete. Mgonjwa alikaa majanini hivyo hivyo, akiutazama uwanja mtupu. Kukaa pale ni bure, na ndipo alipotaka tangu mwanzo, ila hakuna aliyemuuliza.

“Mwakani nitakaa hapa,” alisema.

Mdogo wake, aliyekwisha kuambiwa na daktari yale ambayo mgonjwa hakuambiwa, alitazama pembeni.

“Inshallah, kaka.”