Suti Nyuma ya Mlango

Mtaa mzima ulimwita Fundi. Kila jioni, cherehani ikishafunikwa, chumba chake cha mbele kiligeuka kanisa dogo. Mikasi iliondolewa mezani, sanamu ya Bikira Maria ikakaa mahali pake, vitambaa vya wateja vikasukumwa pembeni, na majirani wakaingia na rozari zao. Walikuja wengi. Waliwahi hata wale ambao Jumapili hufika kanisani padre akiwa anatoa baraka ya mwisho.

Kilichowavuta ni nia. Kabla ya kila tendo la rozari mtu hutaja anayemwombea, na Fundi alikuwa bingwa wa kutaja.

"Tumwombee," angeanza, macho ameyafumba, sauti laini kama hariri, "mjane fulani aliyemzika mumewe na shati lililochakaa kola, ilhali suti mpya ilikuwa tayari. Mungu amsamehe. Sisi tumeshindwa."

Mjane fulani alikuwa wifi yake, ameketi pale pale karibu na dirisha, maana waliishi nyumba moja. Marehemu alikuwa kaka yake Fundi. Alipofariki, Fundi alimshonea suti nyeusi huku akilia, akafumua mshono uliopinda, akashona tena. Wifi mtu, dobi wa hospitali, akamvisha mumewe shati la kazini. "Kwenye suti alikuwa anaona joto," alisema, basi. Tangu hapo suti ilining'inia nyuma ya mlango, na wanawake hao wawili hawakusemeshana ila kwa kupitia mbinguni.

Tendo lililofuata lilikuwa zamu ya wifi. "Tuwaombee mafundi wanaoomboleza ili waonekane. Na wanaochelewesha nguo za watu."

"Amina!" akadakia muuza mkaa, ambaye gauni lake lilikuwa bado halina mikono.

"Leo sala imenoga," muuza maziwa alimnong'oneza.

Ubaya ni kwamba Fundi alisali akitafuta utulivu. Marehemu mama yake alimwambia ukishika rozari moyo unatua. Wake ulipaa. Alimaliza sala akihema kama aliyekimbizwa. Akamlalamikia padre, padre akamshauri aongeze litania, ile sala ndefu ya kuwaita watakatifu mmoja mmoja. Akaiongeza, na hasira nayo ikaongezeka, kwa kuwa sasa ilikuwa na nafasi zaidi.

Kisha wifi akafunga mizigo. Binti yake alimwita akaishi naye mji mwingine, angeondoka asubuhi. Fundi akatamka, kwa sauti ya kufika hadi jikoni, kwamba afadhali, nyumba ipumue. Halafu akashona mkono wa kulia wa blauzi upande wa kushoto. Wifi akienda, nyumba nzima hatabaki mtu anayejua jinsi kaka yake alivyokuwa akipiga chafya.

Jioni hiyo mvua ilimwagika. Imani ya majirani haikujua kuogelea, hakuna aliyekuja. Fundi akaketi na rozari yake. Wifi akatoka chumbani, akakaa kwenye kiti chake.

Rozari ya watu wawili haina pa kujificha. Mmoja huanza, mwingine hujibu. Fundi akasali Salamu Maria hadi "amebarikiwa", akangoja. Wifi asipojibu, sala imekwama. Mvua ikapiga bati.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu," wifi akajibu taratibu, "utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu."

Watu wakiwa wengi, jibu hilo lilikuwa mvumo tu. Sasa lilitoka kinywa kimoja, na kinywa hicho kilitetemeka kwenye "saa ya kufa". Fundi akakumbuka nani alikuwa kando ya kitanda saa ile. Si yeye.

Shanga zikapita. Ilipofika zamu ya kutaja nia, mishale yote ilikuwepo, ila hakukuwa na watazamaji.

"Tumwombee kaka," akasema, kisha akafungua macho. "Hivi kweli alikuwa anaona joto?"

"Wifi, siku ya harusi yetu alivua koti padre hajamaliza. Hukuona?"

"Nilidhani ni furaha."

"Furaha gani! Koti ulishona wewe. Lilimbana makwapani."

Fundi akautazama mlango. "Hili nilililegeza," akasema kwa unyonge.

"Niliona. Lakini shati aliniomba mwenyewe. Na wewe hukuniuliza."

Walicheka, wakalia, wakasahau wamefika shanga ipi. Ikabidi waanze tendo upya.

Asubuhi basi liliondoka bila wifi. Jioni majirani walijaa, shingo mbele.

"Tuwaombee wagonjwa," alisema Fundi.

"Na wasafiri," alisema wifi.

Wakangoja. Hakikufuata kitu. Muuza maziwa akapiga miayo.

Siku hizi viti vingi ni vitupu. Fundi husinzia kabla litania haijaisha, rozari kiganjani, na wifi huimalizia kwa sauti ya chini asimwamshe.

"Pale kwa Fundi pamepoa," muuza maziwa hulalamika kwa wateja wake. "Wanasali tu."