Kila Jumapili Kaka Yangu Aliimba Mubashara

"Toa huo mdude wako kwenye TV yangu!"

"Mzee, si muda mfupi tu."

"Muda mfupi wa nini? Mechi iko kwenye king'amuzi, inaanza sasa hivi. Badilisha!"

"Mama kaomba kwaya."

"Mama yako katoka usharikani, kwaya kaisikia. Lete rimoti!"

"Ipi sasa? Ziko mbili."

"Zote!"

Mzee akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani hapohapo, kama mtu kamkatia umeme.

Kwenye TV kulikuwa na mtu ambaye sisi wote pale nyumbani tulikatazwa hata kumtaja jina.

Kaka yangu Eliudi. Joho jekundu, mstari wa nyuma, kushoto, anaimba mdomo wazi kama zamani.

Na kwenye kona ya kioo, maandishi mekundu: MUBASHARA.

Mzee akakaa. Mechi hakuiulizia tena.

Oya, tusikimbie. Naitwa Godlove, kitinda mimba wa Mzee Ebenezeri, kule Mamba, ukipanda kutoka Himo. Shule niliishia kidato cha pili, hatukupendana. Nauza jinzi za mtumba Kiboriloni, jioni narudi kulala kwa wazazi.

Kile kiboksi nilikileta mimi. Si unavijua, vile vya kuvuta vitu vya mtandaoni vinakuja kwenye TV. Nikakichomeka pembeni ya king'amuzi cha mzee, nikaweka na kirauta cha laini. Lengo langu muvi tu, sina makuu.

Vita ikaanza siku hiyohiyo. TV moja, rimoti mbili, mzee mmoja mbishi.

Mzee kiboksi alikiita "kile cha wahuni". Kwake yeye kitu cha kweli kinatoka kwenye dishi, kina saa yake, kikipita kimepita. Taarifa ya habari ni saa mbili. Ikiandikwa mubashara, maana yake inatokea sasa hivi. Miaka yote king'amuzi hakijamdanganya.

Sasa na Eliudi ilikuwaje?

Eliudi alikuwa Dar, anaimba kwaya ya usharika mmoja mkubwa. Krismasi moja akapanda nyumbani na mchumba, Winfrida, binti wa Songea. Mkatoliki, na sisi Walutheri. Tena ana mtoto tayari.

Ukoo mzima upo. Mbuzi kalazwa kwenye majani ya migomba, anakatwa. Mzee akasimama na kisu mkononi.

"Ukimwoa huyu, usikanyage kihamba changu. Ukiwa hai, ukiwa maiti, usikanyage."

Watu wakaacha kutafuna.

Kwetu kuambiwa hutazikwa kihambani, shamba la ukoo wenu, si tusi la kunywea mbege likaisha. Umefutwa. Eliudi akamshika Winfrida mkono, wakashuka barabarani kwa miguu. Hatukumwona tena, namba yake ikawa haipatikani.

Mpaka mama alipoanza kuniambia, "Godi, niwekee ile kwaya ya Dar."

Basi ikawa ndiyo ibada yetu ya pili. Tukitoka usharikani, mama anapakua mtori, mimi nawasha kiboksi, namwachia rimoti, naingia zangu mtaani.

Baada ya siku ile ya kwanza, mzee alikuwa anatoka anaenda kwenye migomba, anajifanya anakata majani makavu. Baadaye akawa anasimama mlangoni. Halafu siku moja nikakuta kiti chake kimesogea.

"Kakonda," akasema.

Mama akampa bakuli la mtori.

"Yule mwanamke hampikii. Mwangalie shingo."

Akasogeza kiti tena.

"Kwenye sauti ya tatu hawana mtu mwingine. Wengine wote wanafuata yeye tu. Ongeza sauti hapo, we Godi, unashangaa nini?"

Nikacheka moyoni. Mzee kalainika, sema mdomo wake ndiyo haujapata taarifa.

Ikafika hatua king'amuzi kikiwa na mechi kubwa, yeye mwenyewe anasema, "Weka kile cha wahuni."

Halafu sukari ikampanda. Mguu ukavimba, ukaanza kubadilika rangi. Hospitali wakasema maneno yale ambayo daktari anayasema huku anaangalia ukuta. Akarudi nyumbani, anatembelea fimbo, usiku hapati usingizi.

Asubuhi moja akaniita. Alikuwa anatoka mpakani mwa kihamba, anachechemea, mkononi ana jani la sale.

Kama wewe si wa huku, nikupe kwa kifupi. Sale ni mmea tunaopanda mipakani. Ukimkosea mtu kosa la kutisha, unampelekea jani lake. Akiletewa sale, anasamehe. Hakuna mjadala. Hata kama umemuulia mtu, akishalishika limeisha. Sijawahi kusikia Mchagga amekataa sale.

"Godi."

"Naam, mzee."

"Jumapili kaka yako atakuwepo pale kanisani?"

"Si unamwona kila wiki."

"Basi nenda. Mpe hili. Mwambie..." Akalitazama jani. "Usimwambie kitu. Mpe tu, atajua. Mwambie aje na mke wake."

Mama alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Nilitegemea apige vigelegele.

"Mwache aende," akasema. Akaendelea kumenya.

Nikalifunga sale kwenye gazeti lililoloweshwa maji, nikapanda basi la Dar.

Jumapili nikawahi kanisani, nikakaa mbele kabisa kama mchumba. Kwaya ikaingia. Suti za bluu. Nikajisemea wamebadilisha sare. Nikatazama mstari wa nyuma, kushoto.

Mdada.

Nikatazama kulia. Nikatazama kote. Ibada ilipoisha nikamfuata mwalimu wa kwaya, Mathew, mzee mmoja mpole ana kipara.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba kijana."

"Namtafuta Eliudi. Wa sauti ya tatu. Mimi ni mdogo wake."

"Eliudi si alihama zamani? Walikwenda kuishi kwa wakwe zake, Songea."

"Acha utani, mwalimu. Wiki iliyopita kaimba hapahapa. Sisi tumemwona nyumbani, mubashara."

Akanitazama kwa huruma, ile huruma inayokera.

"Kijana, zile ni ibada za miaka ya nyuma. Tukiwa tunarusha, yale maandishi yanabaki humohumo kwenye video. Ukiiangalia hata mwaka kesho, itakuandikia mubashara."

Daah.

Yaani tulikuwa tunaangalia cha zamani. Mzee anamwona kakonda, kumbe anamwona wa kipindi kile. Na mimi, mjanja wa mitandao, sikuwahi hata kusoma tarehe.

Mathew akanipa namba ya Winfrida. Nikapiga palepale kwenye ngazi za kanisa.

"Shemeji, ni Godlove. Mzee kanituma kwa Eliudi."

Nasikia kuku upande wa pili.

"Shemeji... kwani mama hakukuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Eliudi alifariki. Figo. Alisema tumzike hukuhuku, kwao alishakatazwa." Akaanza kulia. "Nilimpigia mama, akaja. Alimzika mwenyewe, alitupa udongo."

"Mama yupi?"

"Mama yenu, shemeji."

Nikakaa chini. Watu wananipita na watoto wao na ubuyu wao.

Kuna kipindi mama alituaga anaenda kwa dada Rachel, kajifungua. Alikaa huko karibu wiki. Aliporudi sauti imekauka, macho mekundu, sisi tukamnunulia dawa ya malaria. Alipopona ndipo aliponiomba nimtafutie ile kwaya.

Na mama ndiye anayefua vitambaa vya madhabahu pale usharikani kwetu. Rangi za kanisa anazijua kuliko mchungaji. Kwenye TV madhabahu ina zambarau ya Kwaresima, yeye asubuhi yake katandika kijani, maana Kwaresima ilishapita. Kila Jumapili. Hakukosea hata mara moja. Alikuwa anajua anaangalia nini.

Ngoja niseme langu hapa, maana nikifika nyumbani sitakuwa na la kusema. Wewe uliyemfukuza mtu wako, unakaa unamchungulia kwenye simu au kwenye TV, unaona picha yake unajipa moyo kwamba yupo, iko siku mtaongea. Acha huo ujinga. Mfuate leo. Ukichelewa, utabaki umeshika msamaha huna wa kumpa.

Nikarudi.

Mzee alikuwa sebuleni, mguu juu ya kigoda. King'amuzi kinaongea chenyewe, haangalii. Alipoona niko peke yangu akatazama nyuma yangu, barabarani.

"Wanakuja na gari lingine?"

"Hapana, mzee."

"Kakataa sale?"

"Mzee, Eliudi alishakufa. Zamani. Kazikwa Songea."

Hakupiga kelele. Aliangalia TV, kama vile labda huko wangemwambia tofauti.

Mama alikuwa anapita uani, kamba begani, mundu mkononi, anaenda kukata majani ya ng'ombe. Akasimama mlangoni.

"Esther," mzee akamwita. "Ulijua?"

"Nilimzika."

"Na ukaniacha nimwangalie? Wiki zote hizo namsema kakonda, namsema mke wake, wewe umekaa hapo unaniangalia?"

"Nilitaka umpende kwanza," mama akasema. "Ndiyo ujue umepoteza nini."

Mzee akanipokonya lile gazeti. Akalifungua. Sale limekauka ncha, katikati bado la kijani. Akainuka bila fimbo, mguu ule ule mbovu, akajikokota mpaka mlangoni. Akalishika kwa mikono miwili, akamnyooshea.

"Mama Eliudi," akasema. "Naomba."

Mama aliliangalia lile jani kwa muda mrefu. Nami nikaliangalia.

Mama hakulishika. Akaiweka sawa kamba begani, akageuka, akaingia kwenye migomba.