Kibodi ya Kiarabu ya Bi Mwajabu

Nilibonyeza alif. Kompyuta ikaandika h.

Nikabonyeza tena, taratibu, kama mtu anayepapasa jipu.

h.

Nusaiba akarudi nyuma. "Fundi, humu ndani kuna mtu."

Ilikuwa mwaka 1998, Temeke, kwenye kijiduka chake cha kuchapa barua na kadi za harusi. Mie nilikuwa fundi redio wa mtaani. Kompyuta nilijifunza kwa kuzifungua tu, sijawahi kukaa darasani.

Ngoja niwaeleze tulifikaje pale.

Mama yake Nusaiba, Bi Mwajabu, alikuwa mjane. Marehemu mumewe alimwachia tenzi alizomtungia mwenyewe. Kiswahili, ila kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mdogo kama sisimizi. Bi Mwajabu herufi za kizungu hakuzijua. Alisoma zile za Kiarabu tu, chuo cha Kurani.

Na macho yalikuwa yanakwenda. Daktari alishasema hayatarudi.

Nusaiba akaamua amchapie mama tenzi zote kwa herufi kubwa, azisome kabla giza halijafika. Alikuwa na kompyuta kuukuu aliyoletewa na mjomba wake kutoka Maskati, kibodi yake ina herufi za Kiarabu. Hata hajafika mbali, umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo.

Kompyuta ikafa. Kibodi ikapona.

Akapata kompyuta nyingine, mpya. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Kichwa cha waya wa kibodi ya zamani ni kinene, kama kidole gumba. Kitundu cha kompyuta mpya ni chembamba, hata kidole cha mwisho hakiingii.

"Fundi, fanya kiingie tu," Nusaiba akaniambia.

Tu! Neno fupi lile lilinitesa, jamani.

Nikaenda Kariakoo kwa Revelian, muuza vifaa.

"Nyie watu wa Temeke bwana! Tupa hilo dude, chukua kibodi mpya."

"Ina Kiarabu?"

"Sasa we unataka kuchapa au kuswali?"

Nikamwonyesha kibodi yangu, nikaomba adapta, kile kiungo cha plagi zisizolingana. Akaniuzia moja. Kufika Temeke, kumbe ni ya kuingiza kibodi mpya kwenye kompyuta ya zamani. Kinyume kabisa na shida yangu.

Nikamrudia. "Braza, si nilikuonyesha kibodi yenyewe?"

"Ulisema adapta, nikakupa adapta. Ya aina yako sina."

Basi nikaamua kutengeneza mwenyewe. Nikatafuta kibodi mbovu ya aina mpya, nikaikata mkia, nikauunga na wa zamani. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi.

Kompyuta ikapiga mlio. Taa za kibodi zikawaka, zikazima.

Kumbe rangi zinadanganya. Kila kiwanda kinapaka kinavyotaka. Nikafumua, nikapima waya mmoja mmoja kwa tesita, nikachora, nikachomelea upya.

Kimya.

Tone la risasi ya kuchomelea lilikuwa limegusanisha nyaya mbili. Nikafumua tena. Safari hii waya ukakatikia ndani kabisa, nikaanza upya.

Bi Mwajabu alikuwa akipita dukani kila asubuhi, mkono mmoja ukutani.

"Shikamoo, Bi Mwajabu."

"Marahaba, mwanangu. Bado unaunguza nyaya?"

"Bado kidogo."

"Kidogo chako nacho kirefu!"

Alikuwa anatania, lakini mie iliniuma. Kila siku mkono ule ulizidi kuung'ang'ania ukuta.

Hatimaye taa za kibodi zikawaka na hazikuzima. Nusaiba akapiga kigelegele. Ndipo nikabonyeza alif, ikatoka h.

Nilikagua kila kiungo. Vyote vizima. Nikakaa nikawaza, mpaka nikaelewa.

Kibodi haijui Kiarabu. Inatuma namba ya kitufe tu. Anayeamua namba ile ni herufi gani ni programu iliyo ndani ya kompyuta. Na programu ya Kiarabu iliungua pamoja na ile mashine ya Maskati, nyingine sikujua pa kuipata.

"Kwa hiyo hizi herufi hapa juu?" Nusaiba akauliza.

"Rangi tu."

Akakaa chini akalia. Bi Mwajabu akatukuta hivyo hivyo.

"Kuna msiba?"

"Mama, tumeshindwa kukuchapia tenzi za baba."

"Na nani kawatuma mchape? Mie nilisema mwandiko mdogo. Ungekuwa mkubwa ningesoma."

Nusaiba akanitazama. Nami nikamtazama.

Duka la tatu kutoka pale, Anastasia alikuwa na mashine ya fotokopi. Ina kitufe cha kukuza. Mtaa mzima tulikijua.

Karatasi zikatoka bado zina joto, sisimizi wamekuwa wakubwa kama kunguni. Bi Mwajabu akasogeza ukurasa puani, akaanza kusoma kwa sauti. Katikati akasita.

"Hapa marehemu alikata mstari."

"Ndiyo, mama. Yale yaliyokatwa mie nilikuwa nayaruka nikichapa."

Lakini kwa ukubwa ule, maneno yaliyo chini ya mkato yalikuwa yanasomeka. Bi Mwajabu akayafuata kwa kidole, polepole. Akacheka, akajifunika uso kwa kanga.

"Kaandika nini, mama?"

"Hili si lenu."

Akakunja karatasi, akaitia kifuani, akaondoka nayo.

Siku hizi mtu akiniletea kifaa siulizi kimeharibika nini. Namuuliza kwanza anataka kukifanyia nini. Na kama kuna mama nyuma yake anayesubiri, naomba aje aseme mwenyewe.