Mizani ya Baba Fides

Wauza mahindi wa Tunduma walimjua Danford Sichone kwa vitu viwili: mizani yake ya magunia, na mdomo. Mizani ilipunja kidogo. Mdomo haukupunja mtu. Mteja aliyenona alipandishwa juu ya mizani kwa utani, makuli wakacheka hadi mizigo ikawateleza mabegani. Mchana mmoja wa mwaka 2011 biashara ilikuwa imedoda, akampandisha binti yake Fides, wa miaka tisa, mwenye mashavu kama maandazi ya moto.

"Debe mbili kamili," akatangaza. "Huyu nikimvusha mpaka, nikamfikisha Nakonde kwa Wazambia, narudi na baiskeli."

Watu wakavunjika mbavu. Fides naye akacheka. Danford akaona amepata kichekesho cha kudumu, akawa anampandisha kila wateja wanapojaa dukani.

Kisha mtoto akaanza kudai ameshiba kabla hajanawa mikono. Mama yake, Tabita, akakuta matonge ya ugali mfukoni mwa sare ya shule. Wakampa dawa ya minyoo. Mchungaji akaja kuomba. Bibi yake wa kijijini Ihanda akasema duka lina macho ya watu, mtoto karogwa, na Danford akaidaka kauli hiyo kwa mikono miwili, maana mchawi akiwa jirani, basi si yeye. Akawa anawasimulia hata wasiomuuliza.

Jambo moja lilimfurahisha: Fides alizidi kupenda duka. Kila asubuhi alidamka kulifagia kabla ya shule. Baba mtu akajisifu kwamba anakuza mrithi. Mrithi mwenyewe sare ilimning'inia kama iliyoanikwa.

Alipoanguka kwenye paredi ya shule, wakampeleka hospitali. Muuguzi hakuanza na wazazi. Alichuchumaa, akamuuliza mtoto anaogopa nini kwenye chakula. Fides akajibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa njia:

"Nikifika debe moja nitakula."

"Debe la nini, mwanangu?"

Mtoto akamtazama baba yake. Tabita naye akamtazama. Hapo ndipo Danford alipoelewa kule kufagia: mtoto alikuwa anajipima. Mdomo uliozoea kuwashinda madalali ukajibu kwa sauti ya chini.

"La mahindi," akasema. "Ni mimi niliyekuwa nampima."

Muuguzi hakumgombeza, angemgombeza ingekuwa nafuu. Alisema upo ugonjwa wa kuogopa kunenepa, unawashika hata watoto wadogo, wala hauingii kwa mlango mmoja. Ila mlango huo mmoja, baba, ufungwe leo. Tabita akainuka. Alikaza kanga yake kiunoni, akahamia benchi la pili.

Ikabaki kupima uzito. Fides akagoma kuikanyaga mizani. Foleni ya kina mama ikageuka kutazama kulikoni. Danford akafungua kinywa ili amchangamshe mwanawe, na alichokikuta humo kilikuwa ni utani uleule. Akafumba.

"Baba ageuke," Fides akamwambia muuguzi.

Akageuka. Akasimama uso ukutani kama mwanafunzi mtoro, foleni nzima ikimsoma mgongo. Alisikia miguu ikipanda, na chuma kikalia kidogo mno. Akangoja kusikia uzito. Muuguzi aliuandika bila kuutaja, akamshusha mtoto, akamwita anayefuata, na hakuna aliyemwambia Danford kwamba sasa anaweza kugeuka.